Bi Zaina, Walilifunga Darasa la Watoto

Mwalimu wangu Bi Zaina,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaikunja. Kila nikifika pa kukueleza habari za mjukuu wako, mkono unagoma. Leo nimekaa kibarazani pa darasa, watoto wameshachukuliwa na mama zao, na nimejiambia nitaandika mpaka mwisho hata kama hati itakuwa mbaya. Wewe hati yangu mbaya uliizoea. Ulikuwa unanisahihisha ubaoni mbele ya watoto, halafu unawageukia unawaambia, "Mnaona? Hata Mwalimu Saumu bado anajifunza."

Siku ya mazishi yako sikukusindikiza. Wanaume walibeba jeneza, sisi tukabaki uani. Binti yako Mwajuma alikuwa amekaa mkekani, mwanawe Rukia amemlalia mapajani. Mtoto akaamka katikati ya vile vilio akauliza, "Bibi kaenda shule?" Mtu mmoja akampa tende, akala, akalala tena.

Ulituondokea kwa haraka, Mwalimu. Ijumaa ile ulikuwa unakunja mikeka, ukasema kichwa kinakugonga. Nikakwambia kaa, ukanijibu nikae mimi, wewe huna muda. Ulipoanguka nilidhani umejikwaa. Hospitalini mjini walituambia ni kiharusi, na mpaka unatutoka hukusema neno tena. Kwa hiyo neno lako la mwisho kwangu ni lile la kutokuwa na muda. Sijui nilifanye nini.

Nakumbuka ulivyonichukua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo mabaya, nashinda ndani naona haya kutoka. Wewe ulikuwa umestaafu ualimu, umerudi kijijini, ukakuta watoto wadogo wanakaa mchangani tangu asubuhi mpaka adhuhuri huku mama zao wakiwa baharini kwenye mwani. Ukaanza kuwakusanya barazani kwako. Walipokuzidi, ukaja nyumbani kwetu, hukuniuliza habari za cheti. Uliniuliza, "Kuimba unajua?" Nikasema kidogo. Ukasema, "Kidogo kinatosha. Kesho uje, na uje umeoga."

Hatukuwa na kitu. Mwenye unga alileta unga, mwenye sukari akaleta sukari, asiye na kitu alikuja kuchota maji au kuchanja kuni. Hapakuwa na mtoto aliyerudishwa. Ulikuwa ukiwapokea mlangoni mmoja mmoja, unamshika mkono, unamwamkia kama mtu mzima, "Umeamkaje?" na unasubiri jibu. Wengine walichukua wiki nzima kujibu. Ulisubiri. Rukia alikuwa na miaka mitatu alipokujibu mara ya kwanza, akakwambia, "Nimeamka na njaa." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Halafu wakaja wale watu wa mradi na gari lao. Walikuwa watu wazuri, siwasemi vibaya hata leo. Walikuuliza kijiji kinahitaji nini, ukawaambia mbele yangu, "Mshahara wa mwalimu. Uwe mdogo, lakini usikatike." Wakaandika. Waliporudi walikuwa na ramani ya jengo. Uliwauliza na mwalimu je, wakasema wafadhili wao wanaruhusiwa kujenga, mishahara ni ya serikali, ila kwa muda watatupa posho mpaka serikali itakapopokea. Jengo likasimama, zuri, sakafu ya saruji, bati jipya, ukutani wamechora tembo na twiga. Uliniminya mkono siku ya ufunguzi ukaninong'oneza, "Tembo kamwona nani hapa? Si wangechora pweza." Nikajizuia kucheka, mgeni rasmi akiwa anahutubia.

Safari yetu ya ofisi ya wilaya naikumbuka kuliko yote. Ulivaa baibui lako jipya. Tulikaa kwenye benchi tangu ofisi inafunguliwa, tukala mkate tuliobeba, mpaka tukaitwa kwa yule binti wa mipango, ofisa anayepanga bajeti. Alikuamkia shikamoo, akakuvutia kiti mwenyewe. Ukamweleza kwamba posho ya mradi itakwisha na watoto watabaki. Akasema ombi lako ataliweka kwenye bajeti ijayo. Ukamwambia, "Mwanangu, bajeti ijayo hawa wa sasa watakuwa wameshavuka umri. Mwaka wao mtawarudishia wapi?"

Hakukasirika. Akafungua kabati, akakuonesha mafaili ya vijiji vingine. Akasema, "Mama, fedha za kugawa nazipewa zimeshawekewa mwisho. Nikikupa wewe, lazima nimnyang'anye mwingine. Kuna shule huko ndani watoto wa darasa la kwanza wanasomea chini ya turubai. Nimwambie nani asubiri?" Mkapeana mikono.

Njiani kurudi tulishuka garini pale Zinga. Hapo ndipo ukasema, "Ningemkuta mwizi au mtu mwenye kiburi ningelala usingizi. Yule binti hana kosa, Saumu. Hilo ndilo linalonitia hofu." Sikukuelewa. Sasa nakuelewa.

Nikwambie yaliyofuata.

Baada ya arobaini yako niliendelea na darasa peke yangu. Nilisimama mlangoni nikawashika mikono kama ulivyokuwa ukifanya, na baadhi yao walichungulia nyuma yangu wakikutafuta. Posho ikaja, halafu ikachelewa, halafu ikaja barua kwamba mradi umefikia ukomo na wanashukuru kwa ushirikiano. Nikawaambia kina mama turudie utaratibu wetu wa zamani, wa unga na kuni. Wakakubali. Lakini mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano, akasema michango shuleni hairuhusiwi, elimu ni bure. Mzee mmoja akamuuliza, "Bure kwa nani, na Saumu atakula nini?" Mtendaji akasema yeye ametumwa, na ametumwa kusema hivyo.

Siku chache baadaye akaja na kufuli. Alikuja na uso wa aibu, Mwalimu, nataka umjue hivyo. Alinieleza kwamba mradi umeondoka bila kukabidhi jengo kwa maandishi. Wilaya haiwezi kupeleka mwalimu kwenye jengo lisilo lake, na kijiji hakiwezi kulitumia mpaka wilaya ilipokee. Watoto waende darasa la awali kule shule ya msingi. Nikamwambia, "Shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara kuu. Mtoto wa miaka minne atafikaje, na malori yale?" Akasema wazazi wawasindikize. Nikamuuliza siku za bamvua, mama zao wote wakiwa mbali baharini, nani atawasindikiza. Alifunga, akajaribu kufuli kama limekaza, akaondoka.

Wiki ile ile niliwapeleka wachache kule ng'ambo nikaona kwa macho yangu. Mwalimu wa awali ni mmoja, dada mpole, na chumba kimejaa mpaka watoto wamekaa wamebebana. Mtoto wa nyuma haoni ubao wala haoni mwalimu. Yule dada aliniambia, "Niletee, siwezi kukataa, lakini sitawajua hata majina." Wetu walikwenda siku mbili tatu, wakaacha. Wakarudi mchangani.

Sasa nafika pale.

Wewe unajua bamvua ilivyo, maji yanakwenda mbali kabisa na wanawake wanayafuata na kamba zao za kupandia, kwa sababu zikipita siku zile mwani haufikiki tena. Mwajuma alikwenda na wenzake. Rukia na watoto wengine waliachwa kwenye fungu la mchanga, mkubwa wao akiwa na miaka sita. Maji yalipoanza kurudi yalijaza kwanza ule mkondo ulio kati ya fungu na pwani, kama yanavyofanya siku zote. Wale watoto wakubwa wakaona, wakakimbia kuvuka miguu yao ikingali inagusa chini. Rukia alibaki nyuma. Wanasema alirudi kuchukua kanga ya mama yake, aliyokuwa ameachiwa akaambiwa aiangalie isichukuliwe na maji.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Saa ile, enzi zako, tungekuwa tunawanawisha nyuso na kuwapanga mlangoni kusubiri mama zao.

Nilisikia kelele nikiwa nyumbani. Nilipofika, vijana wa nyavu walikuwa wameshamtoa. Mwajuma alikuwa amesimama ndani ya maji kiunoni, hatoki, anaita jina lake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Tulimshika wawili tukamtoa. Hakupigana nasi. Aliniambia tu, "Saumu, leo ilikuwa siku ya shule."

Mwalimu, nisamehe ninavyokuandikia jambo hili. Sijui huko mnapokea habari vipi. Tumeambiwa watoto wadogo wanapokelewa na rehema na kwamba wanacheza. Kama ni hivyo basi uko naye, na haya yote ulishayasikia kutoka kwake kwa maneno yake. Wamemlaza karibu nawe, upande wa mwarobaini. Kaburi lake ni dogo sana. Mumeo, Mzee Shomari, tangu siku ile haendi tena barazani. Anakaa ndani, mlango nusu wazi.

Watu walikuja kuhani, hata kutoka Mlingotini. Watu wa ofisini nao walikuja. Wakaleta mchele na mafuta, wakasema maneno mazuri. Mtendaji alikaa pembeni kwa wanaume, nikamwona anajifuta macho kwa kofia. Sikumchukia. Nilitaka kumchukia ili nipumzike, nikashindwa.

Kufuli likabaki mlangoni. Hilo ndilo nililokuwa siamini. Nilidhani baada ya msiba ule mtu fulani atakuja na kulifungua, hata usiku, hata bila kusema. Arobaini ya Rukia ikapita, kufuli liko palepale.

Aliyelifungua ni binti yako. Asubuhi moja alijifunga kanga mbili, akapita kwangu, akasema, "Twende." Sikumuuliza wapi. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, akamwamkia mtendaji vizuri, shikamoo kama inavyostahili, akasema, "Naomba ufunguo wa darasa." Mtendaji akamwambia hana mamlaka. Mwajuma akasema, "Sikukuuliza mamlaka. Nimeomba ufunguo." Akakaa chini, sakafuni, miguu ameinyoosha kama tunavyokaa msibani. Nami nikakaa. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda baharini wakaona, wakaingia na watoto wao, wakakaa. Siku ile hakuna aliyekwenda kwenye mwani. Watoto wakaanza kulia njaa, mmoja akakojoa karibu na meza. Mtendaji aliandika, akafuta, akapiga simu, akatoka nje, akarudi. Mwisho akavuta mtoto wa meza, akauweka ufunguo juu. Akasema, "Chukueni. Wakiniuliza nitasema nilinyang'anywa." Mwajuma akamjibu, "Sema tulikuomba. Ndiyo kweli."

Ndani tulikuta popo na vinyesi vyao. Tulifagia na kuosha siku nzima.

Nikasema pengine sasa mambo yatanyooka. Wewe ungeniambia nisijidanganye. Yule binti wa mipango alikuja baada ya kusikia msiba, akiwa na pikipiki ya kukodi, si gari la ofisi. Alikaa nasi mkekani. Alituambia kwamba ombi lako aliliweka kweli kwenye bajeti, mwaka ule na uliofuata, na mara zote lilirudi limekatwa huko juu, kwa sababu madarasa ya watoto wadogo ndiyo yanayokatwa kwanza fedha zikipungua. Hakuna mtihani wa taifa wa mtoto wa miaka minne, alisema, kwa hiyo akikosa darasa hakuna takwimu inayoshuka. Mwajuma akamuuliza, "Na akifa?" Yule binti akainama. Halafu akasema ataliweka tena, lakini hawezi kutuahidi.

Tukajipanga wenyewe. Safari hii hatukuita mchango. Kina mama walikubaliana kila mmoja aache kamba moja kwenye shamba lake iwe ya mwalimu, mwani wake ukivunwa na kuuzwa, hiyo ndiyo iwe riziki yangu. Nilifurahi, Mwalimu. Nilikwenda kuziangalia kamba zile kama mtu anayeangalia mahindi yake. Kisha joto likaja. Maji yakawa ya moto hata hayakanyagiki, mwani ukaanza kuwa mweupe, ukalainika na kukatika, na kamba za mwalimu zikatoka tupu sawasawa na zao. Mnunuzi alikuja akarudi na magunia yake matupu. Kwa hiyo sina mshahara, nao hawana chakula, na darasa liko wazi. Siku nyingine uji upo, siku nyingine tunaimba tu na kuwalaza mapema. Watoto wengine wamepelekwa kwa bibi zao bara, Lugoba na kwingine, ambako angalau kuna mihogo. Mchumba wangu ananiuliza nitaendelea na kazi hii ya sadaka mpaka lini. Naye si mtu mbaya. Nimemwambia anipe muda, na naona uvumilivu wake unapungua.

Sitaki nikudanganye kwamba tumeshinda. Wakaguzi wakija kesho wanaweza kufunga tena, karatasi ya makabidhiano bado haijaonekana. Yapo madarasa mengi kama letu pwani nzima hii, na mengine yameshafungwa bila mtu kufa, kwa hiyo hakuna aliyesikia.

Lakini lipo moja la kukwambia, na ndilo lililonifanya nimalize barua. Mwajuma haendi tena baharini. Anakuja darasani. Hakuniomba, wala sikumwita. Siku ya kwanza alikaa nyuma, mgongo ukutani, anawatazama tu. Niliogopa. Nikajiuliza atavumiliaje kuwaona wale waliokuwa wanacheza na mwanawe, wale waliovuka. Siku ya pili alikuwa anawachana nywele. Sasa yeye ndiye anayesimama mlangoni asubuhi. Anawashika mkono mmoja mmoja, anawauliza wameamkaje, na anasubiri jibu. Yule mkubwa wao, wa miaka sita, aliyemwacha Rukia kwenye fungu, kwa muda mrefu alikuwa akifika mlangoni anageuka anakimbia. Mwajuma hakumkimbiza. Alikuwa anauacha mkono wake umenyooka pale pale mpaka mtoto anapotea machoni. Wiki iliyopita alirudi akaushika. Mwajuma akamuuliza, "Umeamkaje?" Mtoto akasema, "Nimeota Rukia." Mwajuma akasema, "Mimi pia. Haya, ingia ndani."

Jina hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwa mtoto yule tangu siku ile.

Kikao cha bajeti kinakaribia. Tutakwenda mimi na yeye, na tutakaa kwenye benchi lile. Mwajuma anasema safari hii atazungumza yeye. Sijui watampa jibu gani ambalo hukupewa wewe. Tutakwenda hata hivyo, na mwaka unaokuja pia, na yule binti wa mipango akihamishwa tutamweleza atakayekuja, tangu mwanzo.

Lala, Mwalimu wangu. Mungu akupanulie hapo ulipo, na akuachie mjukuu wako mkononi. Mwambie Rukia kwamba mama yake yu mzima, anakula kidogo, na kanga haikupotea, ilipatikana. Mimi sina cha kukuahidi kuhusu fedha, maana hazimo mkononi mwangu. Ninachokuahidi ni hiki ninachokiweza. Kesho ni bamvua. Wanawake watapita hapa asubuhi na ndoo zao, kila mmoja na mtoto wake mgongoni au mkononi, na mlango watakuta uko wazi.

Wako,
Saumu